Adabu ya Kumpa Pole Aliyeibiwa Baiskeli

Katika miji na vijiji vya Bonde la Ufa la kati, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, Njoro na Molo, baiskeli ni chombo cha kazi kwanza na chombo cha starehe baadaye, na kwa sababu hiyo wizi wa baiskeli hugusa riziki ya mtu hata pale ambapo chombo chenyewe kilinunuliwa kwa shilingi elfu chache. Hata hivyo, jamii ambayo ina taratibu kamili za kumliwaza aliyefiwa, aliyeunguliwa na nyumba au aliyeibiwa ng'ombe, mara nyingi haijui la kumwambia aliyeibiwa baiskeli ya bei ndogo, na katika kutojua huko watu wema husema maneno yanayomwongezea mwenzao uchungu huku wakidhani wanampunguzia. Makala haya yanaeleza kwa nini hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, ni maneno gani humuumiza aliyepatwa nayo, na ni msaada wa namna gani unaomfaa bila kumvunjia heshima. Hoja yake kuu ni kwamba pole ya kweli hupimwa kwa pengo ambalo kilichoibwa kimeliacha katika maisha ya mwenyewe, na kwamba bei ya dukani ni kipimo hafifu cha pengo hilo.

Chombo na watu wake

Nakuru ni mji ambao watu wake wameishi na baiskeli kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara zake zilijaa boda boda za baiskeli, yaani baiskeli zilizofungwa kiti chenye sponji juu ya keria ili kumbeba abiria kwa nauli ndogo, na vijana wengi waliotoka mashambani walianzia maisha ya mjini kwenye kazi hiyo. Kuelekea mwaka 2008 serikali ilipunguza kodi ya pikipiki ndogo, na katika muda wa miaka michache pikipiki zikachukua abiria karibu wote. Kisha mnamo tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatangazwa kuwa jiji, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika mabadiliko hayo baiskeli, ambayo zamani ilimpa kijana hadhi ya mtu mwenye kazi, iligeuka machoni pa wengi kuwa alama ya mtu ambaye bado hajafika pikipiki.

Pamoja na hayo, baiskeli haikutoweka, kwa kuwa wako watu wengi ambao kazi yao haiendi bila chombo hicho. Kando ya barabara ya Moi South Lake, inayopita kusini mwa Ziwa Naivasha, wapo wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaotoka alfajiri katika makazi kama Karagita kwa baiskeli ili wawahi zamu bila kulipa nauli. Katika mitaa ya Nakuru kama Kaptembwa, Rhonda na Kivumbini, mchuuzi wa maji hufunga mitungi minne ya lita 20 kwenye baiskeli yake, mzigo wa kilo 80 bila kuhesabu uzito wa mitungi yenyewe, na kuisukuma kutoka kioski cha maji hadi milangoni mwa wateja. Huko Njoro, Bahati na Subukia mkulima mdogo huitumia kupeleka maziwa mahali pa kukusanyia kabla hayajaharibika, na vivyo hivyo muuza mboga, fundi wa ujenzi, mlinzi wa usiku na mwanafunzi wa shule ya kutwa kila mmoja ameipanga siku yake juu ya magurudumu hayo mawili.

Baiskeli inayozungumziwa hapa ni ile ya bei ndogo, ambayo kwa kawaida huwa ni ya chuma kizito na rangi nyeusi, ya aina ambayo Wakenya huiita Black Mamba, au ni ya mtumba iliyokwisha kutumiwa katika nchi za ng'ambo, au ni ile ambayo fundi wa mtaani ameiunganisha kwa spea za baiskeli tatu au nne zilizokufa. Bei yake haisimulii jasho lililoingia ndani yake. Mwenyewe huenda alinunua fremu mwezi mmoja, rimu mwezi uliofuata, na keria akamlipa fundi wa kuchomelea kwa awamu, hivi kwamba baiskeli ambayo mpita njia huiona kuwa kuukuu ni akiba ya nusu mwaka ya mtu anayelipwa kwa siku. Isitoshe, anaijua kwa mwili wake: anajua breki inayoshika vizuri ni ipi, cheni inachomoka kwenye mteremko gani, na tandiko linamtaka akae vipi ili mgongo usimuume.

Hasara ya bei na hasara ya kazi

Ili kuelewa uchungu wa aliyeibiwa inafaa kutenganisha hasara za aina mbili. Hasara ya bei ni kiasi cha fedha ambacho mtu angehitaji ili anunue kitu kingine kinachofanana na kile kilichopotea, ilhali hasara ya kazi ni jumla ya shughuli zote zinazosimama au kupanda gharama kwa sababu kitu hicho hakipo. Kwa mali ya anasa hasara ya bei huwa ndiyo kubwa, lakini kwa chombo cha kazi cha mtu wa kipato kidogo hali hugeuka. Tuseme mfanyakazi fulani alinunua baiskeli kwa shilingi 5,000, na kwamba nauli ya matatu kwenda kazini ni shilingi 50 na kurudi ni shilingi 50. Kwa siku 26 za kazi atatumia shilingi 2,600 kwa mwezi, na kabla miezi miwili haijaisha atakuwa amelipa nauli inayozidi bei ya baiskeli yenyewe. Fedha hizo za nauli ndizo ambazo zingenunua baiskeli nyingine, kwa hiyo kila siku inayopita bila baiskeli humsogeza mbali zaidi na siku ya kuipata.

Wahenga waliuona mtego huo waliposema kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea mwewe hunyakua, methali ambayo inaeleza jinsi asiye na kingi hupoteza kile kimoja alichofanikiwa kukipata, na tena hukipoteza katika hatua ya mwisho alipokuwa karibu kufaidi. Mali ya tajiri ina ukingo, kwa maana kwamba nyuma ya kitu kilichoibwa kipo kingine, au ipo bima, au yupo ndugu mwenye gari. Mwenye baiskeli moja hana ukingo huo, na anapoamka na kukuta ukuta ulioachwa wazi mahali alipoiegemeza, hesabu inayomjia kichwani ni ya wiki nzima iliyo mbele yake: ataamka saa ngapi, atamwambia nini msimamizi wa zamu, maziwa yatafikaje, na mtoto aliyekuwa akibebwa hadi shuleni atapita njia ipi peke yake.

Sinema ya Kiitalia iitwayo Ladri di biciclette, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948, ilijengwa yote juu ya ukweli huo. Mhusika wake mkuu, Antonio Ricci, anapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma kwa sharti la kuwa na baiskeli, na mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili kuikomboa ile iliyokuwa imewekwa rehani kabla, lakini inaibwa siku ya kwanza ya kazi. Polisi wanaandika taarifa yake kisha wanamwachia aitafute mwenyewe katika jiji lenye baiskeli maelfu. Msiba wa sinema hiyo unatokana na umbali uliopo kati ya jambo linavyoonekana mezani kwa ofisa na lilivyo nyumbani kwa mwenyewe, na umbali huo ndio ambao majirani wa Nakuru wanaweza kuufupisha kwa maneno na matendo yao.

Bonde la Ufa lenyewe linao mfano wa jinsi jamii inavyoweza kuupima wizi kwa haki. Makao makuu ya Kikosi cha Kuzuia Wizi wa Mifugo, ambacho ni sehemu ya polisi wa Kenya, yako Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, na nchi inayo sheria maalumu ya wizi wa mifugo na mazao iliyoanza kutumika tangu enzi ya ukoloni, mwaka 1933. Ng'ombe wa familia anapoibwa usiku hakuna anayeuliza bei yake kwanza. Watu hupiga mayowe, vijana hufuata nyayo, wazee hutuma habari vijiji vya jirani, na kesho yake wageni huja kuketi na mwenye boma, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba pamoja na ng'ombe yameondoka maziwa ya watoto na karo ya shule. Mchuuzi wa maji wa Rhonda hana boma wala ng'ombe, na baiskeli yake ndiyo inayomlishia watoto na kumlipia karo. Akiiona hasara yake ikipokewa kwa kicheko, huwa amejulishwa kwamba riziki ya mjini haihesabiwi kuwa riziki.

Maneno yanayoumiza

Neno la kwanza linaloumiza ni lile la kupunguza, ambalo humwambia aliyeibiwa kwamba hiyo ni baiskeli tu, kwamba mali hutafutwa, au kwamba ashukuru hakuumizwa. Kila mojawapo ya kauli hizo ina ukweli ndani yake, na mwenye hasara akiisema mwenyewe huwa ni dalili ya ushujaa, lakini mgeni akitangulia kuisema humnyang'anya nafasi ya kusikitika. Zaidi ya hapo, mtu aliyepoteza kitu cha bei ndogo tayari anaona haya kwa kuhuzunika, kwa kuwa anajua wengine wamepoteza makubwa, na kauli ya kupunguza humthibitishia kwamba haya hiyo ilikuwa na msingi, hivyo hunyamaza na kubeba mzigo wake peke yake.

Neno la pili ni la kulaumu, na hili huja kwa sura ya swali: je, hukuifunga kwa mnyororo, kwa nini uliiacha nje ya duka, si ulijua mtaa huo una wezi? Wanaouliza hivyo hujitetea kwa methali isemayo kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini wanaitumia mahali pasipo pake, kwa sababu methali hiyo inamhusu mtu aliyejiletea madhara kwa mkono wake mwenyewe, ilhali wizi una mkono wa mtu mwingine ndani yake. Kusahau kufuli ni uzembe mdogo ambao kila mtu huufanya mara nyingi bila kuadhibiwa. Aliyeugeuza kuwa hasara ni mwizi, na lawama inayomwelekea mwenye baiskeli ni lawama iliyopunguzwa kwa mwizi.

Mwanasaikolojia wa Marekani Melvin Lerner, aliyeanza kuchunguza jambo hili katika miaka ya 1960, alieleza kwamba watu wengi hushikilia imani ya ulimwengu wa haki, yaani dhana kwamba mema huwapata wema na mabaya huwapata waliostahili, na kwamba imani hiyo huwafanya watafute kosa kwa aliyeumia ili wao wenyewe wajihisi salama. Anayeuliza kuhusu kufuli, kwa mtazamo huo, anajituliza nafsi yake: ikiwa jirani aliibiwa kwa sababu ya uzembe, basi yeye asiye mzembe hataibiwa. Wasomaji wa Biblia wanamfahamu mtu aliyetendewa hivyo zamani sana, kwani Ayubu alinyang'anywa ng'ombe na punda zake na Waseba, na ngamia zake na Wakaldayo, kabla hajafikwa na misiba mingine mikubwa zaidi, kisha marafiki zake watatu wakaja wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Katika siku hizo saba walikuwa wafariji wema. Walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi iliyomletea hayo, waligeuka kuwa sehemu ya mateso yake.

Neno la tatu ni la kulinganisha, ambapo mgeni anapokea habari ya baiskeli na papo hapo anaanza kusimulia simu yake ya bei kubwa iliyoibwa kwenye stendi ya matatu, au pikipiki ya shemeji yake, hata mwenye hasara akajikuta ndiye anayetoa pole. La nne ni faraja ya haraka, inayomwahidi kwamba Mungu ataleta kubwa zaidi au kwamba huenda hiyo ilikuwa njia ya kumfikisha kwenye pikipiki. Imani ni nguzo ya kweli kwa wakazi wengi wa eneo hili, na maombi pamoja na aliyeumia ni tendo la upendo, lakini ahadi ya kesho inayotolewa kabla ya kuisikiliza leo humfunga mtu mdomo, kwa sababu akiendelea kusikitika ataonekana hana imani. Mzaha nao, hata ule wa kirafiki kuhusu kupunguza kitambi kwa kutembea, ni haki ya mwenyewe kuuanza, na wengine wanaweza kucheka naye baada ya yeye kucheka.

Hasira na lawama ya jumla

Liko kosa moja ambalo hufanana sana na huruma hata wengi hawalioni kuwa kosa, nalo ni kuchochea hasira ya aliyeibiwa. Katika miji ya Kenya mtu anayeitiwa mwizi barabarani anaweza kupigwa au kuchomwa moto na umati kabla polisi hawajafika, na baadhi ya waliouawa kwa njia hiyo hawakuwa wameiba chochote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo mahakamani, na anayeshiriki kumuua mshukiwa anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Rafiki anayemwambia aliyeibiwa kwamba mwizi akishikwa atachomwa anadhani anamwonyesha upande wake, kumbe anamwandalia mwenzake hasara isiyo na kipimo, kwa maana baiskeli hupatikana nyingine na uhai haupatikani.

Uangalifu wa namna hiyo unahitajika pia katika kutaja washukiwa. Bonde la Ufa la kati linakaliwa na Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii, Wamaasai, Waturkana na wengine, na wakazi wake hawajasahau jinsi ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilivyoikumba Nakuru na Naivasha mwezi Januari 2008, wakati maelfu ya watu waliofurushwa makwao walipopiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Kauli kwamba wezi ni watu wa kabila fulani, au vijana wa mtaa fulani, au wale wageni waliohamia juzi, haimsaidii mwenye baiskeli kuipata, lakini huacha sumu inayobaki muda mrefu baada ya baiskeli kusahauliwa. Mwizi ni mtu mmoja mwenye jina lake, na mpaka jina hilo lijulikane kwa ushahidi, mwenye staha hulitafuta kimyakimya wala hawapi wengine jina hilo kwa kukisia.

Hasira yenyewe haifai kukanwa, kwa kuwa ni jibu la haki kwa dhuluma, na anayeifariji kwa ustadi huipa njia. Mwaka 1954 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, mvulana wa miaka 12 aliyeitwa Cassius Clay aliibiwa baiskeli yake nyekundu, akamwendea polisi aliyekuwa karibu, Joe Martin, akilia na kuapa kwamba atamchapa mwizi. Martin, ambaye pia alikuwa akiwafunza vijana ndondi, hakumcheka mtoto kwa kulilia baiskeli wala hakumpigia kelele kwa kiapo chake. Alimshauri ajifunze kupigana kwanza kabla ya kutangaza vita, na akamfungulia mlango wa mazoezi. Mvulana huyo ndiye ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Muhammad Ali. Si kila mtoto aliyeibiwa atakuwa bingwa, na mwalimu wa Njoro au Elburgon anayempokea mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu baiskeli imeibwa hahitaji kuwa na ukumbi wa ndondi. Anahitaji kulichukulia jambo hilo kwa uzito ambao mtoto mwenyewe amelipa, na kumpa la kufanya.

Msaada unaofaa

Pole ya kwanza inatakiwa iwe fupi na ifike mapema. Katika Kiswahili mtu aliyejikwaa barabarani hupewa pole hata na asiyemjua, kwa hiyo aliyeibiwa baiskeli hastahili kungojea hadi jirani athibitishe thamani ya hasara ndipo aambiwe pole kwa yaliyompata. Swali linalofuata pole, kama lipo, lielekee mbele: kesho utafikaje kazini, mzigo wa maziwa nani ataupeleka, mtoto ataenda shule na nani? Maswali hayo yanamwonyesha kwamba msikilizaji ameielewa hasara ya kazi, na majibu yake ndiyo yatakayoonyesha msaada unaohitajika.

Msaada wa saa za mwanzo ni wa miguu zaidi kuliko wa fedha. Wengi wa wenye baiskeli za bei ndogo hawaendi kituo cha polisi kwa kuogopa kudharauliwa, na kusindikizwa na jirani hubadilisha jambo hilo. Katika kituo, taarifa huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho Wakenya hukiita OB, na mlalamikaji hupewa namba ya tukio hilo bila malipo. Namba hiyo itamlinda baadaye, hasa baiskeli ikikamatwa mikononi mwa mtu mwingine au ikitumiwa katika uhalifu. Taarifa huwa na nguvu zaidi ikiwa na namba ya fremu, yaani tarakimu zilizogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya sehemu ambapo mhimili wa pedali hupita, pamoja na alama ambazo mwenyewe anazijua, kama kiraka cha tandiko au mahali keria ilipochomelewa. Jirani mwenye utulivu anaweza kumsaidia mwenzake aliyechanganyikiwa kuzikumbuka alama hizo na kutafuta picha yoyote ya baiskeli katika simu.

Hatua ya pili ni kuwajulisha watu ambao baiskeli zote za mtaa hupita mikononi mwao, nao ni mafundi wa baiskeli na wauzaji wa spea za mitumba, kwa sababu baiskeli iliyoibwa huwahi kufunguliwa na kuuzwa vipande. Mzee wa mtaa na kamati ya Nyumba Kumi, ambao ni mpango wa ulinzi wa kijamii ulioanzishwa na serikali ya Kenya mwaka 2013 kwa kuwaunganisha majirani wa nyumba takriban kumi, wanaweza kueneza habari bila kelele, na kundi la mtaa katika simu linafaa kwa kusambaza picha ya baiskeli, mradi picha ya mtu anayeshukiwa isisambazwe kamwe.

Sheria nayo inampa rafiki sababu ya kuwa mwangalifu anapotafuta baiskeli ya badala. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 275, inaweka kifungo kisichozidi miaka 3 kwa wizi wa kawaida, lakini kifungu cha 322 kinamwekea anayepokea au kuuza mali ya wizi, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Mantiki ya tofauti hiyo ni kwamba mwizi asiye na mnunuzi haibi kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayemletea mwenzake habari ya baiskeli ya bei ya kutupa, na kumshauri asiulize ilikotoka, anataka kumfariji kwa machozi ya mtu mwingine, na anaweza kumpeleka gerezani mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa mlalamikaji. Kununua kwa risiti, au kwa maandishi yaliyotiwa saini mbele ya shahidi, ni sehemu ya kumtakia mtu mema.

Kuhusu fedha na vitu, staha iko katika namna ya kutoa. Harambee, yaani mchango wa hadhara ambao Wakenya wameuzoea tangu uhuru, huifaa familia iliyofikwa na gharama za hospitali au mazishi, lakini mtu mzima aliyeibiwa baiskeli huenda akaona aibu kusimamishwa mbele ya watu kwa ajili ya shilingi elfu chache. Njia za kimya humfaa zaidi: mwenye baiskeli isiyotumika amwazime hadi mwisho wa mwezi, fundi amkubalie kulipa spea kidogo kidogo, wenzake katika chama, ambacho ni kikundi cha watu wanaoweka akiba na kupokezana kwa zamu, wamsogezee zamu yake mbele, na anayetaka kutoa fedha azitume kwa M-Pesa, huduma iliyopo tangu mwaka 2007, bila kutangaza. Mwajiri ana nafasi ya pekee, kwa kuwa msimamizi wa shamba anayemruhusu mfanyakazi kuchelewa nusu saa kwa siku chache, au kumbadilishia zamu, huokoa mshahara ambao mchango wa majirani wote usingeweza kuurudisha.

Ziko pia hali ambazo zinahitaji uangalifu zaidi. Ikiwa baiskeli ilikuwa ya kuazima, walioumia ni wawili, na anayempa pole mmoja asimsahau mwingine, wala asiharakishe kuamua nani alipe. Wazee wa pande zote mbili hulimaliza jambo hilo vizuri zaidi baada ya siku kadhaa, wakati hasira imepungua. Ikiwa aliyekuwa akiilinda ni mtoto, au mke aliyeachiwa mlango, faraja ya kwanza inamfaa yeye, kwa maana atakuwa anajilaumu kabla ya kulaumiwa. Ikiwa mwizi amegunduliwa kuwa ni kijana wa jirani au ndugu, pole haina budi kuambatana na ukimya, kwa sababu mwenye baiskeli ndiye mwenye haki ya kuamua atafuata njia ya polisi, ya chifu au ya wazee, na uamuzi huo ni mgumu kutosha bila mtaa mzima kuushadidia.

Baada ya wiki chache

Huruma nyingi huisha siku ya tatu, wakati habari imekuwa ya zamani kwa wote isipokuwa kwa mtu ambaye bado anatembea kilomita sita asubuhi. Salamu moja ya mwezi wa pili, inayouliza kama chombo kingine kimepatikana, humfaa kuliko pole kumi za siku ya kwanza, kwa kuwa inamwambia kwamba alionekana hata baada ya tukio kupoa. Lakini hapo pia kuna mpaka wake. Mtu akishapata baiskeli nyingine, au akishaamua kupanga maisha yake bila baiskeli, hapendi kutambulishwa kila mahali kama yule aliyeibiwa, wala kukumbushwa kufuli kila anapoegemeza chombo chake dukani. Akirudi kwenye kazi zake, na apokewe kwa kazi zake, mchuuzi kwa maji yake na mkulima kwa maziwa yake, kwa kuwa lengo la pole tangu mwanzo lilikuwa kumrudishia mtu nafasi yake miongoni mwa wenzake, na akishaipata, kunyamaza kuhusu hasara yake ndiyo heshima iliyobaki.